Miguu Mitupu Ngamani

Kwa miaka kumi na saba Uweso bin Shekhe aliziba nyufa za matishari katika bandari ya Tanga, na katika miaka hiyo yote hakuna tishari lililotoka mkononi mwake likabeba mzigo bila yeye mwenyewe kukaa ndani yake kwanza. Meli kubwa hazikufika gatini. Zilitia nanga katikati ya ghuba, na mkonge ukapelekwa huko kwa matishari, vyombo vipana vya mbao visivyo na injini, vinavyokokotwa na motaboti. Robota moja la mkonge lilizidi ratili mia tano, na tishari moja lilibeba marobota mia mbili. Mkonge ukilowa huvimba, hubadilika rangi, na mnunuzi wa Ulaya huukataa. Kwa hiyo kazi ya Uweso ilikuwa moja tu: maji yabaki nje.

Alizaliwa Tongoni na kufundishwa kazi na mjomba wake, mtu mkali aliyepiga vidole vya wanafunzi kwa mpini wa nyundo. Kutoka kwake alijifunza kalafati ya pamba tatu. Pamba ya kwanza hutiwa katika ufa ikiwa kavu, ikasukumwa kwa chembeu, patasi butu ya kazi hiyo. Ya pili husokotwa kwanza. Kisha chombo huachwa maji yajae na kupwa mara mbili, mbao zinywe na kutulia, ndipo itiwe pamba ya tatu, iliyoloweshwa katika mafuta ya papa. Mwisho fundi hupita ubao kwa ubao akigonga. Ufa uliojaa hutoa mlio mfupi, mkavu. Ufa wenye uwazi hutoa mlio unaochelewa kidogo kufa, na aliyezoea hahitaji kuusikia mara mbili.

Juu ya hayo yote kulikuwa na desturi. Katika safari ya kwanza baada ya matengenezo, fundi aliyelikalafati tishari huvua viatu vyake, huviacha kichwani pa ngazi, hushuka ngamani, tumboni mwa chombo, na hukaa miguu mitupu juu ya mbao za chini mpaka melini na kurudi. Wayo huujua unyevu kabla ya jicho. Hapakuwa na karatasi iliyoeleza jambo hilo, lakini wapagazi wa gatini hawakugusa robota mpaka wamwone fundi akishuka. Akishashuka, hawakuuliza neno.

Mwaka 1955 kampuni ikapata meneja mpya. Alivaa saa mkononi na nyingine aliitundika shingoni, na kabla ya wiki kwisha bandari nzima ilikuwa inamwita Bwana Saa. Alisimama siku nne kando ya mafundi, kimya, akiandika. Siku ya tano akamwita Uweso.

“Siku hizi mbili hapa katikati,” alisema, akionyesha daftari lake, “watu wako hawafanyi chochote.”

“Tunangoja maji, Bwana. Yajae na kupwa mara mbili.”

“Kwa hiyo ninyi mnalipwa kwa kungoja.”

“Tunalipwa tishari lisizame.”

Bwana Saa akaandika na hilo pia.

Miezi mitatu baadaye mafundi kumi na mmoja walipewa barua za kuachishwa kazi. Kazi ya kalafati ilikuwa imepewa kampuni moja ya Mombasa, ambayo ilikubali kumaliza tishari kwa siku nne badala ya tisa, na kwa nusu ya gharama. Kampuni hiyo haikuwa na fundi hata mmoja. Ilikuwa na ofisi na mashine ya kupiga chapa. Kazi iliyoipokea iliikabidhi kwa wakala wake, mtu mmoja aitwaye Miraji, kijana wa mjini mwenye viatu vya rangi mbili, vyeusi na vyeupe, ambavyo alivifuta kwa leso kila alipofika gatini. Miraji alifungua kiwanja ufukweni Moa, karibu na mpaka wa Kenya, mahali ambapo watu wana shida ya kazi na hawaulizi mengi. Kila mkono uliopokea kazi ulikata sehemu yake. Kilichowafikia wenye nyundo kilikuwa kile kilichobaki.

Uweso hakufukuzwa. Yeye aliachwa awe mpokeaji. Matishari yakirudi kutoka Moa, atayatazama, atatia sahihi kwenye karatasi iliyoandikwa “Limepokelewa,” na mzigo utapakiwa. Nyumba ya kampuni ataendelea kukaa.

Mkewe, Mwanasiti, alizipokea habari hizo akiwa anakuna nazi, na hakuuacha mbuzi.

“Kwa hiyo Baba Saleha, wenzako wameondoka, wewe umebakizwa uwe muhuri.”

“Nimebakizwa nikague.”

“Ukague kazi ya nani? Unamjua?”

“Simjui.”

“Akikosea utamwambia nani?”

“Nitamwambia Bwana Saa.”

“Atatazama saa,” alisema Mwanasiti, na akaendelea kukuna.

Matishari ya kwanza yalirudi yaking’aa. Yalipakwa rangi mara mbili, kijivu juu na nyekundu chini, na Bwana Saa aliwaleta wageni kuyaona. Uweso alipogonga, nusu ya nyufa zilimjibu kwa ule mlio unaochelewa kufa. Alikwenda ofisini na kusema. Bwana Saa aliuliza kama kuna tishari lililozama. Halikuwapo. Basi, alisema, tusiende kwa masikio.

Hapo ndipo Uweso alipofanya kosa lake la kwanza, na alilifanya kwa nia njema kabisa. Alijua kwamba lazima mtu akae ngamani, la sivyo wapagazi hawapakii. Mafundi wa Moa hawakuja Tanga. Akabaki yeye. Na kwa kuwa hakutaka kukaa juu ya kazi mbovu, alianza kufika gatini mara baada ya sala ya alfajiri, na kikapu chake cha zamani, akafungua nyufa mbovu zaidi na kuzikalafati upya kwa pamba aliyoinunua mwenyewe. Kisha alitia sahihi, akavua makubadhi, akashuka.

Matishari sita yalipita hivyo. Marobota yalifika melini makavu, isipokuwa machache ya chini. Mwisho wa mwaka Bwana Saa aliwaita makarani na wasimamizi akatangaza kwamba mpango wa Moa umefaulu: siku nne badala ya tisa, na mzigo salama. Uweso alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango, na alielewa siku hiyo kwamba zile siku tano zilizookolewa ni alfajiri zake.

“Unamfanyia kazi Miraji,” Mwanasiti alimwambia, “na yeye hajui. Siku akijua atakucheka, halafu atakupunguzia pamba.”

“Hanipi pamba.”

“Ndiyo nakwambia. Atapunguza ya Moa, wewe ununue zaidi.”

Mwezi Novemba mwaka 1956, vuli ilipoanza, ikaja habari kwamba matishari namba Tisa na namba Kumi yatarudi pamoja. Uweso aliamua kwamba hatapokea chombo tena bila kujua mikono iliyokishika. Jumapili alipanda lori la samaki mpaka njia panda, akatembea mpaka Moa. Njiani alikuwa ameyapanga maneno ya kumwambia mtu atakayemkuta, aliyemdhania mkulima wa mihogo aliyepewa chembeu bila kufundishwa.

Alimkuta mtu ameinama chini ya ubavu wa tishari, mgongo wazi, akipiga. Upigaji ule aliufahamu kabla hajauona uso. Alikuwa Jumbe, aliyekuwa mkono wake wa kulia kwa miaka tisa.

“Shikamoo, Fundi.”

“Marahaba. Ni wewe, Jumbe?”

“Ni mimi. Ulitaraji jini?”

“Nilitaraji mtu asiyejua kazi.”

“Basi umemkuta anayeijua,” Jumbe alisema, akakaa chini na kufuta jasho, “na kazi ni mbovu vilevile. Keti.”

Uweso hakuketi. “Nilikufundisha pamba ngapi?”

“Tatu.”

“Unatia ngapi?”

“Moja. Ikifika.”

“Huoni haya?”

“Haya nilikuwa nayo mwezi wa kwanza.” Jumbe alichukua chembeu chake akakionyesha. Kilikuwa kipande cha springi ya gari kilichofuliwa. “Nisikilize, Fundi, kisha unitukane. Kule Tanga nililipwa kwa mwezi. Hapa nalipwa kwa ubao. Ubao wa pamba moja na ubao wa pamba tatu ni bei moja. Wewe ungetia ngapi?”

“Tatu.”

“Ungetia tatu siku ya kwanza. Siku ya pili Mama Saleha angekuuliza unga uko wapi. Siku ya tatu Miraji angekwambia kuna watu wanangoja nafasi yako, na kweli wapo, wale pale wamekaa.” Alionyesha kwa kidevu wanaume watano chini ya mvinje. “Hawajui kushika nyundo. Wanajifunza kwangu. Nawafundisha pamba moja.”

“Na kukaa ngamani?”

Jumbe alicheka bila furaha. “Nikae saa ngapi? Tishari likivutwa kwenda Tanga, mimi naanza jingine. Nani atatoa nauli ya kunileta nikakae bure?”

Uweso alitazama baharini, mahali Tisa na Kumi yalipokuwa yamefungwa, rangi zake bado mbichi. “Tisa amelitengeneza nani?”

“Mimi. Upande wa kushoto, ufa wa tatu kutoka mkukuni chini. Pamba iliniishia. Nilijaza nyuzi za magunia nikapaka lami juu.”

“Ulimwambia Miraji?”

“Nilimwambia. Akasema rangi ziko mbili, nizipake zote mbili.” Kisha akasema, kwa sauti ya chini, “Usikae Tisa, Fundi. Kwa jina la Mungu, usikae.”

“Na Kumi?”

“Kumi limetoka mikono mingine. Gunia ni lilelile.”

Uweso aliondoka bila kumtukana. Yale maneno aliyoyapanga njiani alirudi nayo.

Matishari yalifika Jumanne. Jumatano asubuhi Tisa lilikuwa gatini na meli ilikuwa inangoja. Uweso alikwenda kwanza ofisini, akaambiwa Bwana Saa amekwenda melini kuzungumza na nahodha. Karatasi ya “Limepokelewa” ilikuwa mfukoni mwake, haina sahihi. Aliamua kushuka kuutafuta ule ufa, autie alama ya chaki, ili Bwana Saa akirudi aone kwa macho, maana kwa masikio alishakataa.

Alifika kichwani pa ngazi, akavua makubadhi, akayaacha pale, akashuka.

Hakufikiri. Miguu yake ilikuwa imevua viatu mahali pale kwa miaka kumi na saba. Kichwani mwake alikuwa mtu anayekwenda kukagua. Kwa wapagazi arobaini waliosimama gatini chini ya turubai, wakimtazama, alikuwa fundi aliyeshuka kukaa.

Walianza kupakia.

Uweso alikuwa mbele kabisa, chini ya sitaha fupi ya omo, amelala kifudifudi na kibiriti na chaki. Aliusikia mshindo wa marobota akadhani ni tishari namba Nane, lililofungwa ubavuni. Ufa wa tatu aliupata. Maji yalikuwa yanatoka kama jasho, na katika sehemu moja uzi wa gunia ulichungulia ndani. Aliufuata ufa shubiri kwa shubiri mpaka mwisho, kazi ya saa nzima na zaidi, akaweka alama, kisha akahamia wa nne. Alipogeuka kutoka, mwanga wa ngazi haukuwapo. Palikuwa na ukuta wa mkonge.

Alipita juu ya marobota kwa tumbo mpaka akatokeza. Gati ilikuwa nyuma kiasi cha hatua mia mbili. Motaboti ilikuwa inavuta.

Juu ya mzigo walikaa wapagazi wanne, kama ilivyokuwa kawaida, wa kufunga kamba za winchi melini. Mmoja wao alikuwa Tadeo, mtu mrefu, mcheshi, aliyeacha kukata mkonge Pongwe kwa kuwa, alivyopenda kusema, ni afadhali kuubeba ukiwa umekufa.

“Fundi!” Tadeo alimwita. “Leo umechoka kukaa mapema?”

“Rudisheni! Mwambieni serahangi arudishe chombo! Sikukaa mimi, nilikuwa nakagua!”

“Na viatu je? Umevua kwa ajili ya joto?”

Wakacheka. Uweso alipunga mikono kwa serahangi wa motaboti, na serahangi akapunga naye, kwa adabu. Ilipita dakika nzima kabla hajaelewa kwamba anaitwa. Alipoanza kugeuza, kamba ilivuta ubavuni, tishari likalalia kushoto, upande uliokuwa na maji, na halikuinuka. Safu ya juu ya marobota ikaporomoka. Robota moja lilimkuta Tadeo amekaa, miguu mbele, na likamlalia kutoka goti kwenda chini.

Hakupiga kelele. Alisema, “Jamani, liondoeni,” kama mtu anayeomba apishwe njia.

Hospitali walimkata mguu siku ileile. Tishari lilivutwa mpaka mchangani likakaa limeinama, rangi zake mbili zikionekana vizuri.

Kesho yake Uweso aliitwa ofisini. Bwana Saa alikuwa amekaa, Miraji amesimama dirishani. Mezani palikuwa na karatasi mpya ya “Limepokelewa,” imeshapigwa chapa, tarehe ya Jumanne.

“Watu wa bima wanataka kujua kama chombo kilikaguliwa,” alisema Bwana Saa. “Tia sahihi.”

“Kilikaguliwa. Ni kibovu.”

“Karatasi hii haina nafasi ya kibovu.”

“Ndiyo maana sikuitia sahihi.”

Miraji aligeuka kutoka dirishani. “Fundi, tusipotezeane wakati. Watu arobaini walikuona. Ulivua viatu, ukashuka. Kwa desturi yenu wenyewe umelikubali tishari. Karatasi ni kuandika tu kile ambacho miguu yako imekwisha kusema.”

“Ndiyo,” Bwana Saa alisema. Tangu afike alikuwa ameiita desturi hiyo mchezo wa kuigiza. “Nimeelezwa kwamba kwenu jambo hilo lina nguvu sana.”

Uweso aliitazama karatasi. “Nikitia sahihi, itakuwaje?”

“Unabaki kazini. Unabaki na nyumba.”

“Na Tadeo?”

“Ukitia sahihi, chombo kilikuwa kizima. Kama chombo kilikuwa kizima, basi wapagazi walipanga mzigo vibaya.”

“Kwa hiyo Tadeo amejivunja mguu mwenyewe.”

Kwa mbali meli ilipiga honi. Ilikuwa imechelewa siku nzima, na nahodha hakuficha hasira yake.

“Kumi liko gatini,” Uweso alisema. “Limetoka Moa siku moja na Tisa. Mmesema desturi ina nguvu, nami nakubali. Mmoja wenu avue viatu, akae Kumi, aende melini na kurudi. Akirudi miguu yake mikavu, nitaitia sahihi karatasi hii, na tarehe mchague wenyewe.”

Miraji alicheka. “Mimi ni wakala. Katika mkataba wangu hakuna kukaa.”

“Najua. Nimeuona mkataba wako. Ni ule uzi wa gunia unaochungulia ndani ya Tisa.”

Bwana Saa alitazama saa ya mkononi, kisha ya shingoni, kana kwamba moja ingempa jibu tofauti. “Una mpaka saa nane mchana kutia sahihi. Baada ya hapo huna kazi, na nyumba itatakiwa Jumamosi.”

“Saa nane mbali yote hiyo ya nini,” Uweso alisema. Aliisukuma karatasi mpaka upande wa pili wa meza, akatoka.

Alikwenda kwenye banda la zana akachukua kikapu chake: nyundo, vyembeu vitano, kibuyu cha mafuta. Manyunyu yalikuwa yameanza. Gatini marobota yalikuwa yamepangwa kando ya Kumi, turubai halikutosha kuyafunika yote, na wapagazi walikuwa wamesimama mikono nyuma. Bwana Saa alikwisha kufika kwa gari, Miraji pamoja naye.

“Pakieni,” Bwana Saa alisema.

Msimamizi wa wapagazi, Msafiri, mzee mwenye sauti nene, alivua kofia kwa heshima. “Tutapakia, Bwana. Tunamngoja anayeshuka.”

“Hakuna anayeshuka. Hakuna fundi tena. Pakieni.”

“Tunangoja, Bwana,” alisema Msafiri, akavaa kofia yake.

Meli ilipiga honi tena. Bwana Saa alimgeukia Miraji na kusema jambo kwa Kiingereza, fupi. Miraji akatabasamu, akatikisa kichwa, akaona kwamba tabasamu halijasaidia. Alikwenda mpaka kwenye ngazi ya Kumi. Aliweka kiatu kimoja, cheusi na cheupe, juu ya kidato cha kwanza.

“Viatu, Bwana Wakala,” alisema mtu mmoja kati ya wapagazi, kwa upole. “Huku vinavuliwa.”

Uweso alikuwa anapita nyuma yao na kikapu begani, akielekea nje ya bandari, kwa Mwanasiti, wakafunge vyombo. Mmoja alimwona, akamwita aje atazame. Hakusimama.

Miraji aliinama akafungua kamba ya kiatu kimoja. Alichungulia ngamani. Alichungulia kwa muda mrefu, na manyunyu yakimlowesha mgongo. Kisha akaifunga kamba tena, fundo mara mbili, akautoa mguu kwenye ngazi. Marobota yalibaki gatini, yakinyeshewa.